Sheria bila mizani haituondolei sumu

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nikitembea taratibu katika mtaa wa Karen, magharibi mwa jiji la Nairobi, nikielekea kumjulia hali rafiki yangu wa tangu siku za chuo cha ualimu. Wanaoufahamu mtaa huo wanajua jinsi nyumba zake zinavyojificha nyuma ya nyua ndefu za miti, na jinsi bustani zake zinavyopendeza hata wakati wa kiangazi. Penye lango moja lililokuwa wazi nilimwona kijana mtunza bustani akinyunyizia mawaridi dawa, bomba likiwa mgongoni. Uso wake ulikuwa wazi, mikono yake mitupu, na kila upepo ulipovuma ulimrudishia ukungu ule machoni na puani.

"Habari ya kazi, kijana?" nilimwamkia.

"Nzuri, mzee. Karibu."

Nilimwuliza dawa ile inaitwaje. Aliinama akaokota chupa ya soda iliyojaa nusu, isiyo na kibandiko chochote. "Jina silijui, mzee. Niliachiwa na mwenzangu aliyekuwa hapa kabla yangu. Aliniambia vifuniko viwili kwa bomba moja. Wadudu wanakufa."

Kando ya mawaridi palikuwa na tuta la sukuma wiki, majani yake yakimetameta kwa ukungu ule ule. Nilimwuliza mboga zile ni za nani. "Hizo ni zetu sisi wafanyakazi," akajibu. "Tutachuma za jioni."

Msomaji mpendwa, jambo lililonitia uchungu si ujinga wa kijana yule, kwani hakuna aliyemfundisha. Lililonitia uchungu ni kwamba mtaa huo huo wa Karen, katika kilima cha Oloolua, ndimo yalimo makao makuu ya Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea, lijulikanalo kwa wengi kama KEPHIS. Shirika hilo, lililoundwa mwaka 1996, lina maabara yenye mitambo ya kuonyesha chembe ya sumu ambayo jicho, pua wala ulimi haviwezi kuitambua. Mishiri inayopandishwa ndege kwenda Ulaya hupimwa kwa mitambo ya namna hiyo. Sukuma wiki ya kijana yule, iliyoota mtaa mmoja na maabara hiyo, haikupimwa na yeyote. Wahenga walisema kwamba penye miti hapana wajenzi, nami siku hiyo niliuona ukweli wa kauli hiyo kwa macho yangu.

Kabla sijamnyoshea mtu kidole, sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana, nilikuwa mlezi wa chama cha kilimo katika shule moja ya bweni. Tulikuwa na shamba la kabichi tulilolionea fahari kubwa. Siku moja tuliona viwavi, tukanunua dawa, tukanyunyizia. Siku tatu baadaye mpishi mkuu aliishiwa na mboga, akaniomba kabichi, nami nikatoa ruhusa. Usiku ule wanafunzi kadhaa waliumwa na tumbo wakatapika. Kwa rehema za Mungu wote walipona. Kesho yake, kwa hofu, niliusoma mkebe wa dawa kwa mara ya kwanza. Kwa herufi ndogo uliagiza kwamba mboga zisivunwe kabla ya siku 14 kupita.

Je, kabichi ndizo zilizowadhuru watoto wale? Au yalikuwa maji? Hadi leo siwezi kujibu, na sababu ni moja tu: hakuna aliyepima. Tulilaumu maji, tukayachemsha, na shauri likaishia hapo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo ningependa tulichambue pamoja, walimu wenzangu na wanafunzi wetu. Je, sheria inaweza kweli kupunguza matumizi ya kemikali za hatari? Na kama inaweza, huwa inafanyaje kazi hiyo?

Wapo wasemao kwamba sheria ni karatasi tu. Wao hudai kuwa mkulima atatumia kile kinachoua wadudu, mwenye kiwanda atauza kile kinachonunuliwa, na serikali itabaki kupiga kelele. Siafikiani nao, na historia iko upande wangu. Hebu tuutazame mfano ambao kila mkazi wa Nairobi ameuvuta kwa mapafu yake.

Tangu miaka ya 1920, makampuni ya mafuta duniani yalikuwa yakitia madini ya risasi ndani ya petroli ili injini za magari zisigonge. Risasi hiyo ilitoka na moshi, ikatua barabarani, shuleni na katika damu ya watoto, na risasi katika damu ya mtoto hudhuru ubongo wake unaokua. Mwaka 2001 mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara yalikutana mjini Dakar, Senegal, yakaazimia kuiondoa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri hapa hapa Nairobi, lilishika usukani wa kampeni hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli ya risasi ilikuwa imekoma kuuzwa katika eneo letu. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, Algeria, iliacha Julai 2021. Dereva wa matatu hakuombwa abadilishe tabia yake, wala mzazi hakuombwa anunue kinyago cha kumfunika mwanawe. Sheria iliiondoa sumu kwenye chanzo chake, na kila aliyefika kwenye kituo cha mafuta akajikuta ananunua petroli safi zaidi bila hata kujua.

Mfano wa pili unawahusu wakulima wa maua. Kwa miaka mingi mashamba ya maua, hasa kule Naivasha, yalikuwa yakitibu udongo kwa gesi iitwayo methili bromidi. Gesi hiyo huua minyoo, ukungu na magugu, lakini pia hula tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal, uliotiwa sahihi mwaka 1987, uliweka ratiba. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi hiyo katika mashamba kwa asilimia 20 kufikia mwaka 2005, na kuyamaliza kabisa kufikia mwaka 2015, isipokuwa kwa kazi chache kama za karantini. Wengi walilia kwamba maua yatakufa na kazi zitapotea. Maua hayakufa. Wakulima walijifunza kuutibu udongo kwa mvuke wa maji moto, wengine wakaacha udongo kabisa na kupanda katika kokoto nyepesi za volkano. Leo kemikali zinazoharibu ozoni zilizowekwa chini ya mkataba huo zimeondolewa kwa takribani asilimia 99, na wataalamu wanatarajia kwamba katika sehemu kubwa ya dunia tabaka hilo litakuwa limerejea hali yake ya mwaka 1980 kufikia miaka ya 2040.

Mifano hii miwili ina funzo moja. Katika kila mfano sumu ilitajwa kwa jina lake, si kwa maneno ya jumla kama vile "tutunze mazingira". Palikuwa na kipimo na tarehe. Aidha, palikuwa na gharama kwa yule aliyekaidi. Pakikosekana moja kati ya hayo, sheria hugeuka kuwa wimbo wa kutumbuiza mikutano.

Sasa turudi nyumbani. Si kweli kwamba Kenya haina sheria. Mwaka 1982 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346 ya sheria za nchi. Ndiyo iliyozaa bodi ijulikanayo kama PCPB, yenye ofisi zake Loresho, kando ya barabara ya Waiyaki. Kwa mujibu wa sheria hiyo, dawa ya kuua wadudu haipaswi kuingizwa nchini wala kuuzwa kabla ya kuchunguzwa na kusajiliwa, na aiuzaye hana budi kuwa na leseni.

Sheria hiyo haikulala. Mwaka 1986 Kenya ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo, pamoja na dawa nyingine za ukoo wake kama endrini na heptaklori. Wanafunzi wa baiolojia wanajua sababu. DDT haiyeyuki katika maji bali katika mafuta, wala haiozi upesi. Mdudu huibeba, samaki akamla mdudu, ndege akamla samaki, na kila hatua sumu huongezeka mwilini. Ndege wawindaji walianza kutaga mayai yenye maganda mepesi yaliyovunjika kabla ya makinda kuanguliwa. Mwandishi wa Marekani, Rachel Carson, aliupigia mbiu umma kuhusu hatari hiyo mwaka 1962, na nchi yake ikaipiga DDT marufuku mashambani mwaka 1972. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliibana dunia nzima, ukaacha mlango mdogo tu wa kupambana na mbu wa malaria. Mwaka 2011 dawa ya endosulfani nayo iliingizwa katika orodha ya mkataba huo, na Kenya ikaipiga marufuku.

Hata rangi zilizo kwenye mikebe ni kazi ya sheria. Mkebe wenye mkanda mwekundu una sumu kali kabisa, wa manjano una sumu ya kadiri lakini ya kuogopwa, wa buluu ni hafifu zaidi, na wa kijani ni ule ambao hatari yake ya papo hapo ni ndogo ukitumiwa kama ilivyoagizwa. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuzielewa rangi hizo. Lakini dawa inapomiminwa katika chupa ya soda, kazi yote ya Bunge, ya bodi na ya wanasayansi humwagika pamoja na kibandiko kilichobaki kwenye mkebe.

Nimetaja mishiri. Kisa chake chafaa kufundishwa katika kila darasa la kilimo, kwa kuwa chatuonyesha waziwazi mahali ambapo sheria inauma na mahali ambapo imekosa meno. Mwishoni mwa mwaka 2012 shehena za mishiri na minji kutoka Kenya zilikamatwa barani Ulaya zikiwa na mabaki ya dawa iitwayo dimethoeti kupita kiwango kilichowekwa. Viwango vyao ni vikali. Pale ambapo dawa haijawekewa kiwango chake maalumu, kinachoruhusiwa ni miligramu 0.01 tu kwa kilo moja ya chakula. Hiyo ni sawa na gramu moja ya sumu iliyotawanywa katika tani 100 za mboga. Kuanzia Januari 2013 Muungano wa Ulaya uliamuru kwamba shehena moja katika kila kumi za mishiri na minji ya Kenya ipimwe kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Gharama ya kupima ilimwangukia mfanyabiashara. Mboga zilizosubiri majibu zilinyauka. Wanunuzi wakaogopa, na wakulima wadogo wengi waliokuwa wakitegemea robo ekari ya mishiri kulipa karo wakapoteza soko. Yalikuwa maumivu makali, wala sitaki kuyapuuza. Lakini tazama kilichofuata. Serikali ilipiga marufuku matumizi ya dimethoeti kwenye mboga na matunda. KEPHIS ikaongeza upimaji. Makampuni ya kuuza nje yakawataka wakulima waweke daftari la kila dawa waliyonyunyizia na siku waliyoinyunyizia. Wakulima ambao hawakuwa wamewahi kuhesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna walianza kuzihesabu kama mtu ahesabuye siku za mfungo. Ukaguzi wa Ulaya umekuwa ukipanda na kushuka tangu wakati huo, kutegemea matokeo, na kila unapopanda huku kwetu watu hukaza mkanda.

Ni nini kilichombadilisha mkulima? Hakuhubiriwa zaidi ya alivyokuwa amehubiriwa awali. Jambo jipya ni kwamba mtu alipima mboga zake, akamjua ni nani, na matokeo yakagusa mfuko wake.

Sasa njoo nami hadi Soko la Wakulima, lile tuliitalo Marikiti, katikati ya jiji, alfajiri malori yanapoteremsha mizigo. Njoo Kangemi, njoo Dagoretti, njoo hadi kwenye kibanda cha mama mboga aliye nje ya malango ya Karen. Nyanya inayong'aa imetoka shamba gani? Sukuma wiki hii ilinyunyiziwa lini? Mama mboga hajui, wala si haki kumlaumu, kwa maana aliyemwuzia hakumwambia, na aliyemwuzia huyo naye hakuambiwa. KEPHIS huchukua sampuli katika masoko ya humu nchini pia. Lakini fikiri, msomaji: majibu ya maabara yanapotoka na kuonyesha kosa, fungu lile la sukuma wiki limekwisha kukatwakatwa, likakaangwa na kuliwa kwa ugali siku nyingi zilizopita. Hakuna daftari la kumtambulisha aliyelima. Mzani umesema kweli, lakini hakuna wa kuambiwa.

Hivyo basi tuna nchi moja yenye mboga za namna mbili. Mboga ya mgeni ina jina, tarehe na shahidi. Mboga ya mwananchi ni yatima. Na kama mkulima mmoja ana mashamba mawili, moja la mishiri ya ng'ambo na jingine la mboga za soko la karibu, dawa aliyokatazwa kunyunyizia hapa anaweza kuishawishika kuitumia kule. Hapo sheria haijapunguza sumu. Imeihamisha tu kutoka sahani ya Mzungu hadi sahani ya mtoto wetu.

Nao Wazungu wana lao la kujibu. Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya vimeendelea kutengeneza na kuuza nje dawa ambazo nchi zao zimekataza zisitumiwe katika mashamba yao wenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ufaransa iliamua kuanzia mwaka 2022 kuzuia usafirishaji wa dawa za namna hiyo, jambo la kupongezwa, japo nchi moja haizibi mto. Hapa kwetu, mwaka 2019, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu wakati huo, Bi. Gladys Shollei, aliwasilisha ombi Bungeni akitaka dawa zenye madhara kwa afya ziondolewe sokoni. Mjadala ulichukua miaka. Hatimaye, Juni 2025, Waziri wa Kilimo, Bw. Mutahi Kagwe, alitangaza kuondolewa kwa makumi ya bidhaa, nyingine nyingi zikawekewa masharti, pamoja na msimamo kwamba dawa isiyoruhusiwa katika nchi inakotengenezwa isisajiliwe Kenya. Ni hatua njema. Lakini baada ya kupiga makofi inatupasa kuuliza: nani atapima?

Najua mkulima mmoja ataniandikia barua kwa hasira. Atasema: "Wewe mwalimu unakula mshahara wa mwezi. Mimi viwavijeshi walipoingia shambani mwaka 2017 walikula mahindi yangu yote kwa wiki mbili. Ukinyang'anya dawa yangu, utanilisha wewe?" Hoja hiyo ni nzito, na asiyeijibu hana haki ya kuzungumzia sheria. Kumkataza mtu fimbo ilhali nyoka yuko mlangoni ni ukatili. Ukimwondolea mkulima dawa ya dukani bila kumpa kitu badala yake, ataitafuta ya magendo, isiyo na kibandiko wala kipimo, na hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ndiyo maana mkataba wa ozoni haukusema tu "acheni". Ulitoa muda, fedha na mafunzo ya njia mbadala. Nasi hatukosi njia. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoko Kasarani, pamoja na wenzao, walibuni mbinu ya sukuma-vuta. Mkulima hupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi. Kandokando ya shamba hupanda nyasi zinazowavutia nondo hao wakatage huko. Desmodiamu hiyo hiyo huzuia gugu la kiduha na kurutubisha udongo, kisha ng'ombe hulishwa majani yake. Sheria inayokataza sumu haina budi kuandamana na bwana shamba anayefundisha mambo kama haya. Mabwana shamba siku hizi wamekuwa adimu vijijini, na badala yao mkulima hushauriwa na yule yule anayemwuzia dawa. Muuza jeneza hawezi kuwa daktari.

Kuna onyo jingine kutoka pwani yetu. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kimoja kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ilikuwako, na halmashauri ya kuisimamia, NEMA, ilikuwako. Risasi ikaendelea kuingia katika miili ya watu. Mlango wa haki ulifunguliwa na mama mmoja, Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua, na damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na risasi. Kwa kipimo hicho mkononi alianza vita vilivyofanya kiwanda kifungwe mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Ona jinsi jambo lilivyogeuka. Miaka yote ile sheria ilikuwa na maneno mengi lakini haikuwa na ushahidi. Kipimo cha damu ya mtoto mmoja kiliipa sauti. Lakini ni aibu kwa taifa kwamba mzani wa kwanza uwe mwili wa mtoto.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 43 kinataja chakula cha ubora unaokubalika. Hakikuandikwa kwamba haki hiyo ni ya mishiri iliyopanda ndege. Kwa hivyo naomba mambo machache ambayo hayahitaji miujiza. Kila soko kubwa la kaunti liwe na mahali pa kuchukulia sampuli, na majibu yatangazwe kwa lugha ambayo mama mboga anaielewa. Magunia ya mboga yaingiayo sokoni yawe na alama ya eneo na kikundi cha wakulima, ili kosa likipatikana lifuatwe hadi lilikotoka, si kwa kumfunga mkulima bali kwanza kumfundisha, kisha kumtoza akirudia. Na duka la dawa za kilimo linalopimia watu sumu katika chupa za soda lipokonywe leseni bila kusitasita.

Kwa walimu wenzangu nina neno la pekee. Shule zetu nyingi zina mashamba, maghala na wapishi. Nendeni Jumatatu mfungue ghala. Kila chupa isiyo na kibandiko itengwe, ifungiwe, na mpate ushauri wa afisa wa kilimo kuhusu namna ya kuiondoa. Msiimwage mtoni wala msiichome. Wekeni daftari la shamba: tumenyunyizia nini, lini, na siku za kuvuna ni zipi. Daftari la shilingi hamsini lingeniokoa mimi na aibu ambayo nimeibeba miaka yote hii. Nanyi wanafunzi mnaopenda kemia, msidhani kwamba somo hilo huishia kwenye mtihani. Taifa linahitaji watu wa kuketi mbele ya mitambo ya maabara kama ile ya kilima cha Oloolua na kusema bila woga: chakula hiki ni salama, hiki si salama.

Turudi Karen, nilikomwacha yule kijana. Nilimsihi aoge kwa sabuni, abadilishe nguo, na asichume mboga zile jioni. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Sasa mzee, ningoje siku ngapi?"

Nilikishika kichupa kile nikakigeuza huku na huku. Hapakuwa na jina, hapakuwa na rangi, hapakuwa na tarehe. Mimi niliyefundisha kilimo nusu ya maisha yangu sikuwa na jibu. Nilimwambia ang'oe mboga zote, azifukie mbali na maji na mifugo, apande nyingine mahali pengine. Alilitazama tuta lile kwa huzuni, kwani lilikuwa kitoweo cha wiki nzima cha yeye na wenzake. Nilitoa pesa kidogo nilizokuwa nazo ili wanunue mboga za jioni.

Nikiwa njiani kuondoka nilikumbuka kwamba atazinunua pale nje ya lango, kwa mama mboga, na kwamba hizo nazo hakuna aliyezipima.